Benjolin yangu ilikuwa na biti mfu, duka likaniambia "ndiyo vurugu yenyewe"

Wadau wa sinthi (vyombo vya muziki vya kielektroniki), hii review naiandika na hasira na sitaificha. Anayeijua Benjolin, saketi ya sinthi iliyobuniwa na marehemu Rob Hordijk, Mholanzi aliyefariki 2022, anajua inavyokwenda: osileta moja (kizalisha mawimbi) inaleta data, ya pili inapiga saa, rejista, safu ya kumbukumbu ndogo, inasukuma biti (0 au 1) moja baada ya nyingine, tatu za mwisho zinageuzwa kuwa volteji, na volteji hiyo inarudi kuzivuruga osileta zote mbili. Biti tatu ni ngazi 8 za volteji. Shikeni hiyo namba.

Yangu nimenunua duka moja huku Berlin, moduli ya Eurorack (mfumo wa sinthi ya vipande vipande) iliyounganishwa tayari, na bei si ya mchezo. Nikaifunga kwenye kasha, nikaleta rungler, yaani ile volteji ya rejista, kwenye osileta zote mbili, nikaishusha ile ya pili mpaka ikawa inatembea polepole, nikasubiri ule wakati mdundo unajishika unaanza kujirudia, halafu ukigusa nobu kidogo tu unateleza na kwenda usikokujua. Wapi! Ikawa inarukaruka kwenye noti zilezile chache, imedumaa kabisa. Nikaweka oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Ngazi 4. Nazungusha huku, 4, nazungusha kule, 4. Hapo hakuna siri, biti moja imekwama.

Nikarudi dukani na moduli na picha ya oskiloskopu kwenye simu. Jamaa wa kaunta hata hakuiangalia. Akasema hii ni moduli ya vurugu, haifanyi unachotaka wewe, labda ungeanza na kitu chepesi kwanza. Mbele ya wateja wengine! Na moduli akagoma kuipokea.

Jamani, vurugu (chaos ya kihisabati) siyo bahati nasibu. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alishaonyesha mwaka 1963 kwa milinganyo mitatu tu: kila hatua inafuata kanuni, hakuna kurusha shilingi humo ndani, ila tofauti ndogo ya mwanzo inakua mpaka mbele huwezi kutabiri. Kwa hiyo saketi ya vurugu inaharibika kama saketi nyingine yoyote, na ukiipima utaona. Mtu anauza hivi vitu kila siku halafu hajui hilo, basi anawadanganya wangapi, hasa wale wasio na oskiloskopu nyumbani, wanaoishi na kitu kibovu wakidhani masikio yao ndiyo hayaelewi?

Nilitaka nitoe nyota moja niishie hapo. Lakini nikaipeleka kwa fundi, akakuta mguu mmoja wa chipu solda haijashika, akaugusa, ngazi 8 zikatoka. Aisee. Usiku ule nikapeleka rungler mpaka kwenye filta (sehemu inayochuja sauti), rezonansi juu, ikawa inalia, inatafuna, inatulia kwenye mdundo mtamu halafu inauvunja yenyewe, sijawahi kukaa na chombo kinachonijibu hivi. Moduli yenyewe nyota tano, nasema bila kusita, nunueni.

Nunueni, ila pale dukani mwombeni waiwashe mbele yenu na mhesabu ngazi kabla hamjalipa, wakikataa ondokeni. Maana nimewaandikia wenye duka kuhusu gharama ya fundi, wamenijibu eti imeshafunguliwa, dhamana hamna. Wao ndio waliokataa kuipokea! Sheria ya huku inampa mnunuzi miaka 2 na mimi hata mwaka sijamaliza. Ile tano naipunguza, iwe tatu, mpaka hela yangu irudi.