Gari jipya lisilosukumika

"Mzee wangu, gari la kisasa linataka mtu wa kisasa."

Maneno hayo niliambiwa na kijana wa kaunta ya matengenezo, kwenye shorumu ileile niliyonunua gari jipya la kwanza maishani mwangu. Hakuinua hata uso. Alikuwa ameinamia simu yake, na mimi nimesimama mbele yake na ufunguo wa gari lililoniaibisha mbele ya pantoni zima. Shorumu siitaji, na aina ya gari siitaji. Lakini maneno yale yananichoma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Hilo neno "kisasa" ndilo lililonikera kuliko yote. Miaka 27 nilikuwa fundi wa mitambo bandarini Dar es Salaam. Nimetafuta hitilafu za umeme juu ya kreni usiku, upepo unavuma, meli inasubiri chini. Umeme siuogopi. Ninachokiogopa ni umeme uliowekwa pale usipohitajika.

Kabla ya gari hilo jipya nilikuwa na Corolla 110, namba A za usajili wa zamani, gia za mkono, nililolinunua mtumba. Sitalisifia kupita kiasi. Lilikula rejeta mbili, lilikula bushi, na stata yake ilikuwa na siku zake za kununa. Ila katika miaka yote ile halikupata kugoma kusogea. Haliwaki? Unaita vijana watatu wa kijiwe cha bodaboda, unatia gia ya pili, wanasukuma, unaachia klachi, mmeondoka. Nilipopata kiinua mgongo watoto wakaniambia, baba, pumzika na mitumba, chukua zero kilomita. Nikaona wana hoja. Nilichotaka kilikuwa kidogo: gari jipya, la kawaida, lisilonipeleka gereji kila mwezi. Nikauziwa lenye skrini pana kama sinia, kitufe cha kuwashia, gia ya kuzungusha kama swichi ya redio, na hendibreki ambayo haina mkono. Ni kitufe. Ukizima gari inajifunga yenyewe.

Nami niliuliza, Mungu ni shahidi wangu. Niliuliza kabla sijalipa: "Betri ikifa, hii breki inafunguliwaje?" Muuzaji akacheka. "Mzee, gari jipya betri haifi."

Haya. Ilikuwa mwaka juzi, mvua za vuli zinakaribia au zimeshaanza, sikumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba siku hiyo jua lilikuwa kali. Naishi Mji Mwema, Kigamboni, ng'ambo ya maji ukitoka mjini. Gari lilikuwa limelala uani siku tatu kwa sababu nilikuwa na homa. Asubuhi hiyo liliwaka kwa kusitasita, nikadhani ni ubaridi wa asubuhi. Mke wangu alikuwa na siku yake ya kliniki ya presha Muhimbili. Ningepitia Daraja la Nyerere ningechelewa, kwa hiyo tukaingia foleni ya pantoni, inasogea na kusimama, kiyoyozi kinafanya kazi, lile sinia linawaka. Tukapangwa mstari wa mbele kabisa, katikati. Nikazima injini kama inavyotakiwa.

Kuvuka pale ni dakika chache tu. Pantoni likagusa Magogoni, upande wa mjini, mlango ukashushwa, nikabonyeza kitufe. Skrini ikawaka, ikaandika Kiingereza kirefu, chini ya boneti pakalia tik-tik-tik, kisha kila kitu kikazima. Nikabonyeza tena. Hata tik haikuja.

Baharia mmoja akaja dirishani kwangu. Kioo hakishuki, ni cha umeme. Nikafungua mlango.

"Mzee, toa hendibreki tukusukume utoke."

"Haitoki."

"Haitoki kivipi?"

"Ni ya umeme. Na umeme umekwisha."

"Basi weka gia huru."

"Gia nayo ni ya umeme."

Akaniangalia mimi, akaliangalia gari, akaita wenzake. Wakaja wanaume sita. Walisukuma kwa nguvu zao zote, wakahesabu moja, mbili, tatu, gari likatikisika juu ya springi zake na magurudumu ya nyuma yasigeuke hata kidogo. Yamefungwa. Nyuma yetu magari, bajaji, pikipiki, akina mama na ndoo zao vichwani. Honi. Sauti moja ikapaa juu ya zote: "Namba E hiyo! Jipya hilo!" Walitoka kwa kubanana pembeni, mmoja mmoja, na wengi walipopita walinitupia neno. Sitayaandika hapa. Mke wangu akashuka, akaenda kwa miguu ili asikose kliniki.

Pantoni haliwezi kumsubiri mtu mmoja, na abiria wa upande wa pili wana haki yao. Likapandisha mlango, likarudi Kigamboni na mimi juu yake. Nilimwona mke wangu amegeuka kule juu ya mteremko, ameshika mkoba wa dawa, ananitazama mpaka magari yakamziba. Mtu wa miaka sitini, mgonjwa wa presha, juani, na mumewe amekaa ndani ya gari la mamilioni asiyeweza kulitoa hatua tano.

Aliyeniokoa ni kijana wa kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, aliyepanda pantoni upande wa Kigamboni akienda kuchukua samaki soko la Feri. Aliniona, hakuuliza mengi. Alisogeza kirikuu chake pua kwa pua na langu, akatoa waya za betri chini ya kiti, tukaunganisha. Mlango wake ulikuwa umeliwa na kutu, taa moja imeshikiliwa na tepu. Kabla hatujafika Magogoni gari langu lilikuwa linanguruma, na safari hiyo sikulizima, aseme mtu anachotaka. Nilimpa hela akakataa: "Baba, kesho yatanikuta mimi." Jina lake silijui. Kama kuna nyota za kugawa katika uzoefu wangu huu, zote ni za kwake.

Nikaenda moja kwa moja shorumu. Ndipo nikaambiwa habari ya mtu wa kisasa. Akaongeza, "Ungesoma kitabu."

Nilikisoma. Nilirudi nyumbani nikavaa miwani nikakisoma chote, usiku kucha. Kuhusu betri kufa na breki kujifunga kinasema: unganisha betri nyingine, usiliburute gari. Basi. Yaani kile nilichofanya kwa msaada wa mwenye kirikuu. Hakuna kamba ya kuvuta, hakuna tundu la kuingiza spana, hakuna njia ya pili kwa mtu aliye peke yake barabarani. Huyo aliyenituma kusoma kitabu hakukisoma yeye.

Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme. Nililifunga gari, nikasubiri karibu saa nzima lilale, kwa sababu haya magari hayalali papo hapo, nikapima kinachovutwa kwenye betri. Gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya miliampia 50 hivi. Langu lilikuwa linavuta karibu 500. Piga hesabu mwenyewe: betri ya ampea-saa 60, ikivutwa nusu ampea usiku na mchana, siku ya tano imekauka. Na haihitaji kukauka. Ikishuka nusu tu, stata haina nguvu ya kugeuza injini. Ongeza kwamba safari zangu ni fupi, nyumbani hadi pantoni, na safari fupi hairudishi betrini kile kilichopotea.

Nilienda na vipimo vyangu vimeandikwa kwenye karatasi. Walibadilisha programu mara ya kwanza. Wakabadilisha mara ya pili. Mara ya tatu fundi mmoja wa ndani, mtu mzima mwenye adabu zake, akanisogelea nilipokuwa nasubiri akaniambia taratibu kwamba kontrol boksi ya mawasiliano ya intaneti ndiyo hailali. Mimi intaneti ya gari sijawahi kuiunganisha hata siku moja! Gari lilikuwa linakesha na kumaliza betri yangu kwa ajili ya kitu nisichokitumia, nisichokiomba, na nilichokilipia.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikinyamaza nitakuwa nadhulumu. Gari hilohilo siku moja ya mvua, karibu na Kibada, liliniokoa. Bodaboda aliingia barabarani bila kuangalia, nikakanyaga breki mpaka mwisho, nikahisi pedali inatetemeka chini ya mguu, gari likasimama limenyooka, usukani bado unanisikiliza. Hiyo ni breki isiyofunga magurudumu, na kazi hiyo ni ya sensa na kompyuta. Corolla langu lingeteleza kama sabuni. Hata injini za kompyuta, zile tunazoita EFI, wazee tulizilaani zilipokuja, na leo ndizo zinazowaka asubuhi bila kubembelezwa. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue gari jipya lenye umeme mwingi. Sasa naona si hivyo hasa.

Lakini hendibreki! Waya wa chuma na mkono wa kuvuta. Kitu hicho kina kosa gani? Kwa nini kifutwe? Na waipa, ambazo kwenye lile gari ili kubadilisha kasi yake ilibidi nitafute kwenye skrini mvua inanyesha na lori liko mbele yangu. Hao wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, Euro NCAP, kuanzia 2026 hawatoi alama zote kwa gari ambalo waipa, honi na indiketa zake hazina swichi za kushika kwa mkono. Ina maana watu wa kisasa wenyewe wanarudi kwenye swichi. Mashirika na wanaokwenda porini hawakuziacha kabisa: Land Cruiser za mkonga, zile zenye bomba la hewa pembeni ya kioo cha mbele, za muundo ulioanza 1984, bado wananunua mpya. Mstaafu hana bei hiyo.

Kwa hiyo nilipotafuta gari la pili nilikuwa na kipimo kimoja tu. Niliingia shorumu nyingine nikasema: chomoeni betri, halafu nionyesheni kama naweza kufungua mlango kwa ufunguo wa chuma, kufungua usukani, kuweka gia huru, kushusha hendibreki na kulisukuma. Mahali pawili walikataa, mmoja akaniuliza kama natania. Mahali pa tatu dada mmoja alinisalimia, "Shikamoo mzee," akanisikiliza mpaka mwisho, akaita fundi, fundi akachomoa betri, na yule dada mwenyewe akaweka mikono kwenye boneti. Suzuki Jimny la gia za mkono, lile la ufunguo wa kuchomeka. Lilirudi nyuma kama mkokoteni. Macho yalinilenga machozi, sioni aibu kusema.

Nimekuwa nalo zaidi ya mwaka. Hendibreki yake iko katikati ya viti, unaivuta unaisikia ikihesabu meno. Gia ya magurudumu manne ni mkono wa chuma. Kizazi kilichotoka 2018 kimeurudisha baada ya kile kilichotangulia kuhamia kwenye vitufe, maana yake kuna mtu kule Japani alisikia. Injini yake ni ya kompyuta, kwa hiyo betri ikifa kabisa kulisukuma hakutaliwasha, msidanganyike. Ila litatoka njiani. Mimi hicho ndicho ninachokililia.

Nimeridhika? Wiki iliyopita ningesema ndiyo bila kufikiri. Kiti cha nyuma mke wangu hawezi kuingia bila kushikwa mkono, na magoti yake ni mabovu. Buti halibebi gunia moja la mkaa bila kulaza viti. Juu ya yote, shorumu hapakuwa na la kuchukua papo hapo, lile la maonyesho lilikuwa la ufunguo lakini limeshauzwa. Nilisubiri langu karibu miezi minne, na bei yake si bei ya kitu kilichopunguzwa vitu. Kuna usiku nalala nikiwaza kwamba kwa hela ile ningepata mtumba mzuri wa gia, wenye milango minne, pamoja na ushuru wake wa uchakavu, na chenji ikabaki. Halafu nakumbuka nilivyoambiwa pale kaunta, hasira zinapanda, nasema hapana, na mimi nina haki ya kitu kipya. Nimefanya kazi miaka 27. Haki ya kitu kipya ambacho kikifa kinasogea.

Lile la kwanza nililiuza kwa hasara ya milioni 17. Aliyelinunua nilimweleza yote, nikampimia na mita mbele ya macho yake, nikamwambia asiliache siku tatu bila kuliwasha. Alilichukua hivyohivyo, skrini ilimpendeza. Nikampa na waya za betri nilizokuwa nimenunua baada ya siku ile ya pantoni, nikamsisitizia aziweke chini ya kiti, zisikae kwenye buti, kwa sababu buti la gari lile nalo hufunguka kwa umeme.