Mbwa Koko ukumbini: nilivyoitazama Nora Inu hapa Tokyo

Nimeishi Tokyo miaka minne, na Nora Inu nilishaitazama mara mbili kwenye simu. Jumamosi iliyopita nimeiona ukumbini, kwenye kanda ya milimita 35, na sasa najua zile mara mbili nilikuwa nafuata kisa tu. Filamu yenyewe nilikuwa sijaiona.

Jina lake ni mbwa koko, na ndivyo inavyoanza: kichwa cha mbwa kimejaa skrini nzima, ulimi nje, anahema. Akira Kurosawa aliitengeneza mwaka 1949, Japani ikiwa bado chini ya majeshi yaliyoishinda vitani. Murakami, mpelelezi kijana anayeigizwa na Toshiro Mifune, anatoka kwenye mazoezi ya shabaha akiwa hoi kwa joto na usingizi. Anapanda basi lililoshona watu. Akishuka, bastola yake aina ya Colt haipo mfukoni, na ndani ina risasi saba. Kuanzia hapo kila risasi inayofyatuliwa mjini anaihesabu kama deni lake.

Mimi nilichomolewa simu kwenye daladala ya Mbagala mwaka 2016. Ule mkono wa Mifune unaorudi mfukoni, ukapapasa, ukarudi tena, naufahamu vizuri sana. Kwenye simu sikuwahi kuugundua.

Halafu kuna joto. Nimekulia Dar es Salaam, joto si habari kwangu, lakini sijaona filamu iliyolipiga picha namna hii. Watu wanajifuta shingo, wanajipepea, wanaongea wamelegea. Kuna mahali wasichana wanaocheza jukwaani wanamaliza kucheza, wanakimbilia chumba cha nyuma na kujibwaga sakafuni mmoja juu ya mwingine. Kamera inawasogelea, hakuna anayesema neno. Unaona matone ya jasho yakitetemeka mgongoni kila wanapovuta pumzi. Kwenye skrini kubwa matone yale yana ukubwa wa ngumi.

Sehemu niliyoiendea hasa ni ya soko la magendo. Murakami anavaa magwanda chakavu ya askari aliyerudi vitani, anazunguka mitaa ya Ueno kutafuta wauza silaha. Kwa dakika kadhaa hakuna mazungumzo, ni nyayo, vibanda, nyuso, miale ya jua ikipenya kwenye matete, muziki wa redio ukisikika huku ukipotelea kule. Nyumbani niliwahi kuirusha mbele, nakiri nilikosea. Ukumbini hakuna kurusha, unatembea naye mpaka miguu yako inachoka. Miguu mingi inayoonekana pale ni ya Ishirō Honda, msaidizi wa Kurosawa, aliyevaa nguo za Mifune na kwenda sokoni kwenyewe na kamera iliyofichwa. Ndiye aliyekuja kuongoza Godzilla mwaka 1954. Ukipita Ameyoko, soko la mitaani la Ueno, leo, kati ya samaki na viatu vya michezo, unatembea juu ya ardhi ya soko lile.

Wanaopenda filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 watakuta vivuli, mvua na moshi wa sigara wanavyovitarajia. Ila hapa mhalifu ana kitu kimoja na polisi. Yusa, kijana anayesakwa, aliibiwa shanta lake lenye kila alichonacho akirudi kutoka vitani. Murakami naye aliibiwa lake vivyo hivyo. Mmoja akaenda huku, mwenzake kule. Mpelelezi mkongwe Sato, anayeigizwa na Takashi Shimura, hataki kusikia huruma za Murakami kwa Yusa. Kwake mhalifu ni mhalifu. Wanabishana nyumbani kwa Sato usiku, watoto wake wakiwa wamelala ovyo ovyo pembeni, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba Kurosawa hamfungii yeyote kati yao mdomo.

Mwisho siutaji wote. Kuna matope, kuna suti mbili nyeupe ambazo huzitofautishi tena, na watoto wanapita kwa mbali wakiimba wimbo wa kipepeo. Taa zilipowaka, mzee aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu alikuwa bado hajanyanyuka. Aliponiona namtazama akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wimbo ule aliuimba darasa la kwanza. Nikainamisha kichwa kwa adabu, naye akainamisha chake, tukashuka ngazi pamoja bila kuongezea neno.

Kuhusu ukumbi: ni mdogo, viti vya zamani lakini vizuri, tiketi ilikuwa yeni 1,400. Sauti ilikuwa chini mno, na kwa filamu ya umri huu, isiyo na maandishi ya tafsiri, hilo ni kosa. Kijapani changu kinatosha, lakini maneno ya Sato yalinipita mara kadhaa. Nilimweleza dada wa mapokezi, akaandika. Kaeni safu za mbele, na msichelewe: mbwa yule anatokea mwanzoni kabisa.

Inaonyeshwa mara moja zaidi Alhamisi jioni. Nimeshakata tiketi mbili, yangu na ya mdogo wangu aliyewasili juzi kutoka Temeke.