Boksi la majaribio ya asidi na alkali nililolinunua Malindi, nimelitumia wiki 3 sasa

Asalam aleikum. Mwanangu yuko gredi 7 na wameingia kwenye asidi, besi (kinyume cha asidi) na indiketa (kitu kinachobadili rangi kikigusa asidi au besi), na mpaka sasa vyote anavijua kwa picha za kitabuni tu. Basi nilipokwenda Malindi harusini nikapita duka moja la vitabu nikaliona hili boksi, shilingi 1,450, nikalichukua. Ndani mna litmasi nyekundu na buluu, karatasi za yunivasal indiketa na chati yake ya rangi, kichupa cha fenolfthaleini (indiketa ya maji, inakuwa pinki kwenye alkali), kichupa cha sodiamu haidroksaidi, dropa 2, test tyubu 4 na mrija wa mpira. Nikapanda basi mpaka Mokowe, boti mpaka Lamu, nafungua nyumbani kile cha fenolfthaleini kimevuja nusu, kifuniko chake hakikazi hata ukikaze vipi.

Zile karatasi ndizo zilizonifanya nisijutie pesa yangu. Tulichovya kila kilichokuwa jikoni. Ndimu ilitoa nyekundu, 2 kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), siki 3 hivi, na hapo ndipo nilipomueleza kuwa ile namba moja katikati yake si kidogo, kila hatua kwenye pH ni ukali mara 10. Maji ya bahari yakaja kijani cha kuelekea buluu, kama 8. Magadi yakapanda mpaka 11. Akaniuliza mwenyewe, mama, mbona manjano ikimwagika kwenye kanzu nyeupe halafu ukatia sabuni doa linakuwa jekundu? Ni hilo hilo! Manjano ni indiketa, sabuni ni alkali, tukalitonea ndimu lile doa likarudi njano pale pale, alifurahi mtoto mpaka nami nikafurahi.

Lakini jaribio lililonikaa moyoni ni la chokaa. Jirani yetu ni fundi mwashi, anakarabati nyumba za zamani za mawe, akatupa konzi moja ya chokaa iliyokwishazimwa kwa maji, tukaikoroga kwenye chupa ya maji ikalala usiku kucha, asubuhi tukachota yale maji maangavu ya juu bila kutibua. Karatasi ikasema 12. Tukatia fenolfthaleini, yakawa pinki kali kama maji ya bithruti. Halafu mtoto akaanza kutonesha siki kwa dropa, tone moja moja huku anatikisa, kila tone linafungua kitobo cheupe kwenye ile pinki halafu kinazibika, tone la 18 kikachelewa kuzibika, la 19 pinki yote ikatoweka kwa mpigo. Hapo asidi na alkali zimemalizana, kilichobaki ni chumvi na maji. Si chumvi ya kutia mchuzini lakini, hii ni ya kalsiamu na siki, ile ya mezani inatoka kwa asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi.

Tukaja kwenye mrija. Magadi kwenye test tyubu, siki juu yake, povu likafura, ile gesi ikapita kwenye mrija mpaka kwenye maji ya chokaa mengine na yakawa kama maziwa. Ndio kaboni dayoksaidi hio. Na ule weupe unaotokea ni jiwe, ni kitu kile kile cha matumbawe yaliyochomwa tanuuni kupata hio chokaa, gesi ilitolewa kwa moto na sasa imerudishwa. Ndivo plasta ya kuta zetu inavyokuwa ngumu, inavuta gesi hio hewani pole pole. Fundi alisimama kutazama, akasema miaka yote anajua chokaa inakomaa lakini leo ndio ameona inakomazwa na nini.

Sasa malalamiko. Karatasi ya maelezo imeandika "besi zote ni alkali" na hilo ni KOSA, alkali ni besi inayoyeyuka kwenye maji basi. Kopa oksaidi ni besi, inamalizana na asidi vizuri tu, ila kwenye maji haiyeyuki. Mtoto akilimeza hilo ataanguka kwenye mtihani na kosa si lake, kwa hivo likateni kwa kalamu kabla hamjampa.

Kubwa zaidi ni kile kichupa cha sodiamu haidroksaidi, hakina onyo lolote. Ile ni kostiki soda! Ikigusa ngozi unahisi utelezi kama sabuni, manake inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ikikurukia osha kwa maji mengi ya kupita, usitie ndimu eti uiue. Mimi nimekiondoa kabisa, na miwani nikanunua mbali.

Nawapa nyota 4 kwa 5, ile moja wameipoteza kwa hicho kichupa. Litmasi zetu zimeshaanza kulegea kwa huu unyevu wa bahari, kwa hivo zihifadhini kwenye mkebe unaobana na mchele kidogo chini.