Plagini za WordPress: ipi ilipiwe, ipi itumike bure

Hazina rasmi ya WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, ina plagini (programu ndogo za kuiongezea uwezo) zaidi ya 50,000 zinazopakuliwa bila malipo, na nyingi kati ya hizo zina toleo la pili linalouzwa kwa ada ya mwaka, tena kwa dola za Marekani. Mwandishi anayelipia seva (kompyuta inayotunza blogu yake) kutoka mfukoni mwake hawezi kununua kila kinachosifiwa, wala hana haja. Nimezipanga hapa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni ukubwa wa hasara itakayompata mwenye blogu siku atakapoikosa plagini husika. Anayetumia mpango wa bure wa WordPress.com, huduma inayokutunzia blogu kwenye seva zake, haruhusiwi kusakinisha plagini, kwa hiyo ninayoyasema yanamhusu aliyeweka WordPress kwenye seva anayoilipia mwenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa UpdraftPlus, inayotunza nakala rudufu. Toleo lake la bure huhifadhi faili pamoja na hifadhidata (zinamokaa makala zenyewe) kwa ratiba unayoichagua, kisha huzipeleka Google Drive au Dropbox, mbali na seva yenyewe. Umbali huo ndio unaoipa thamani. Kampuni iliyokuwa ikitunza tovuti yangu ya kwanza iliwahi kuharibikiwa na diski, na nakala zake za akiba zilikuwa kwenye mashine ileile. Makala za miaka miwili niliziokota mojamoja kutoka kwenye baruapepe nilizokuwa nimewatumia marafiki. Toleo la kulipia linamfaa anayehamisha blogu kubwa, au anayetaka kunakili mabadiliko tu badala ya kila kitu upya. Wengine watosheke na la bure, mradi wajaribu kurejesha nakala angalau mara moja kabla ya kuitegemea.

Ya pili ni plagini ya kashe, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hufungua makala kwa simu na kwa bando lenye kikomo. Kwa kawaida WordPress huujenga ukurasa upya kutoka kwenye hifadhidata kila unapoombwa, ilhali plagini ya kashe huutunza uliokwisha kujengwa na kuutoa kama ulivyo. Iulize kampuni yako kama seva yake inatumia LiteSpeed, mojawapo ya programu za kuendeshea seva. Ikiwa ndiyo, sakinisha LiteSpeed Cache, na ikiwa siyo, WP Super Cache hufanya kazi karibu popote. Zote mbili ni za bure. WP Rocket haina toleo la bure, na ada yake ni karibu dola 60 kwa mwaka kwa tovuti moja. Mipangilio yake haimsumbui asiye fundi, lakini naiweka chini ya hizo mbili kwa sababu haipunguzi uzito wa picha, na mara nyingi picha ndizo mzigo wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na plagini kama ShortPixel, ambayo hutoa nafasi 100 za bure za kupunguza picha kila mwezi. Tahadhari ni kwamba kila kijipicha kinachozalishwa kutokana na picha moja nacho huhesabiwa.

Kwa maoni taka, Akismet ni hodari, ila blogu yenye matangazo ya biashara inatakiwa kuilipia. Antispam Bee haina sharti hilo, nami ndiyo ningeanza nayo. Kwa ulinzi, Wordfence ya bure hupokea kanuni mpya za kinga siku 30 baada ya wanaolipa. Blogu ya kawaida inaweza kuvumilia hilo, duka la mtandaoni lisivumilie.

Yoast SEO, plagini ya kusaidia makala zipatikane kwenye Google, naiweka mwisho, ingawa wengi huinunua mwanzo. Toleo la bure hukusaidia kuandika kichwa na maelezo mafupi yatakayoonekana Google, na hilo linatosha. Miongoni mwa yanayouzwa katika toleo la kulipia ni uwezo wa kutambua maumbo mbalimbali ya neno, lakini Kiswahili hakimo katika lugha zinazohudumiwa: ukichagua neno kuu (lile unalotaka wasomaji wakupate nalo Google) “kitabu”, “vitabu” na “vitabuni” havihesabiwi. Mwandishi anayekimbizana na taa ya kijani, alama ambayo Yoast humpa anayetimiza vigezo vyake, huishia kurudia “kitabu” mpaka aya inachosha kusoma. Atakayelipia kwa sababu hiyo atakuwa amenunua kitu kilichotengenezewa sarufi ya wengine.

Usipakue toleo la kulipia lililovunjwa leseni na kugawiwa bure, kwa maana mara nyingi huwa limepachikwa msimbo wa kufungulia wezi mlango. Ukiamua kununua, angalia kwanza bei ya mwaka wa pili, ambayo huweza kuizidi ile ya punguzo, kisha zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Leseni ikiisha, plagini nyingi huendelea kufanya kazi, ila masasisho yake ndiyo husimama.