Kocha wa tenisi Dodoma, elfu ishirini kwa saa na vumbi la bure

Nimemaliza wiki ya sita kwa hiyo sasa naweza kuongea. Korti ni ya simenti, ina ufa karibu na neti, mpira ukigonga pale hujui unaelekea wapi, na mwezi wa nane huu upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, unarusha mpira wa sevu (ule wa kuanzishia) unaukuta kwa jirani. Mipira nayo imenyonyoka. Raketi njoo na yako, za kukodi nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Ila kocha bana! Niliyeanza naye zamani (sio hapa) alikuwa ananipigia masevu ya kunikomoa, saa nzima naokota mipira na hela nimelipa. Huyu goti bovu, anakaa juu ya ndoo ya rangi anakuangalia tu. Wiki mbili za kwanza ilikuwa bekihendi (pigo la kutanguliza mgongo wa mkono) peke yake, akachora mstari na kalamu ya biki kwenye mpini wa raketi yangu, akasema fundo la kidole cha shahada likae hapa, likihama nakuona. Na kweli anaona, hata akiwa anaongea na simu.

Siku moja nikamchokoza, kocha mbona we mwenyewe huchezi? Akanitajia Magnus Norman, Msweden, 2000 alifika namba 2 duniani na mwaka huohuo akacheza fainali ya French Open kule Paris na Mbrazili Kuerten, akaokoa mechi pointi 10 (pointi ambayo Kuerten akiipata tu mechi imeisha), ya 11 ndo ikammaliza, baadaye nyonga na goti vikamstaafisha mapema. Grand Slam, yale mashindano manne makubwa, hakubeba hata moja. Halafu akawa kocha wa Msweden mwenzake Söderling, yule aliyemfunga Nadal palepale French Open 2009 wakati Nadal hajawahi kufungwa pale, kisha akamchukua Mswisi Wawrinka wakabeba Grand Slam za Australia 2014, Ufaransa 2015, Marekani 2016. Mi nikadhani ananipiga fiksi, nimefika nyumbani nikagugo, kweli tupu. Yeye alishamaliza stori zamani, "haya mdogo wangu, rudi kwenye mstari".

Nendeni saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Jioni msijaribu, dogo anayepanga muda anaandika watu wawili muda uleule, ishanitokea mara mbili na nauli ya bodaboda hakuna anayerudisha. Nyota nne, ya tano naishikilia mpaka wanunue mipira.