Sanduku la Gerstner la fundi wa vyuma: uzoefu wangu wa kununua la zamani na kulirudisha kazini

Sanduku hili nililinunua Oktoba ya mwaka juzi kwenye mauzo ya vyombo vya marehemu, katika nyumba moja iliyo mwendo wa nusu saa kutoka Dayton, Ohio, kwa dola 180. Ni sanduku la mbao za mwaloni la kampuni ya H. Gerstner & Sons, lenye droo 11, kioo ndani ya kifuniko cha juu na vibati vya nikeli kwenye pembe. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Ufundi niliupata katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, Dar es Salaam, na sasa ninafanya kazi katika karakana ndogo huku huku Ohio. Kwetu maikromita, kifaa cha skrubu cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, ilikuwa mali ya stoo, unaichukua asubuhi kwa kusaini daftari na kuirudisha jioni, lakini kwa desturi ya Marekani fundi huja kazini na zana zake za kupimia, na anapoondoka huondoka nazo. Ndiyo maana masanduku haya yalitengenezwa kwa wingi, na ndiyo maana leo yanapatikana kwenye mauzo ya aina hii, mara nyingi yakiwa na zana zote ndani.

Harry Gerstner alikuwa fundi wa kuchonga mifano ya mbao inayotumika kutengenezea kalibu za kumiminia chuma, na biashara yake ya masanduku aliianza Dayton mwaka 1906. Kampuni bado ipo mjini humo, na sanduku jipya la mwaloni la ukubwa kama wangu linavuka dola 1,000. Ukilitumia kwa wiki moja utaona kwamba aliyelibuni alijua kazi ya fundi: ubao wa mbele unaofunika droo haukai ukining'inia wala hauwekwi pembeni, bali unasukumwa ndani, chini ya droo ya mwisho, na jioni unapouinua na kushusha kifuniko, kufuli moja linazifunga droo zote. Droo ya katikati ni ndefu kwenda juu kuliko nyingine, nayo inapokea kile kitabu kinene cha mafundi, Machinery's Handbook, ambacho kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1914. Kuhusu kioo, wazee wa karakana yetu husema ni cha kutolea vumbi la chuma jichoni. Mimi nakitumia kuangalia kama nimejipaka grisi usoni kabla ya kupanda basi.

Nilipolifungua nyumbani kwa mara ya kwanza ilinipokea harufu ya kafuri, nami nikarudi nyuma hatua moja, kwa maana sisi kafuri tunaijua zaidi kwa maiti. Kumbe mafundi wa zamani walikuwa wakiweka kipande cha kafuri katika droo kuzuia kutu. Chini ya kipande hicho palikuwa na kadi ya Starrett, kampuni ya zana za kupimia, yenye vipimo vya keekee, pembe zake zimeliwa na vidole, na mwenyewe ameongeza nambari mbili kwa penseli.

Hali yake kwa jumla ilikuwa nzuri, isipokuwa kitambaa cha felti cha kijani kilichotandikwa ndani ya droo. Kwa macho kilikuwa bado kitambaa, lakini kilikuwa kimelewa mafuta ya miaka mingi, na ukikipapasa unahisi vipande vidogo vya chuma vilivyojificha humo, tayari kukwaruza chochote utakachokilaza juu yake. Katika droo mbili za chini unyevu ulikuwa umeingia, na kila kifaa kilichokuwa kimegusa felti kilikuwa na kutu upande wa chini huku upande wa juu ukiwaka. Nilikibandua chote. Gundi iliyotumika ni ile ya ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa maji ya uvuguvugu: unapangusa kwa sifongo iliyokamuliwa sana, unasubiri kama dakika kumi, kisha unakwangua kwa kipande cha plastiki, si cha chuma. Usimwage maji, maana sakafu ya droo ni ubao mwembamba na utapinda. Felti mpya niliinunua ya sufu, nene kiasi cha milimita moja na nusu, nikaikata kwa kupima droo moja moja, kwa sababu baada ya miaka yote hiyo mbao zimenywea kila moja kwa kiasi chake. Kazi hiyo peke yake ilimaliza jioni nne, na ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko nyingine zote.

Kwa upande wa nje nilikuwa nimekwisha nunua msasa na kopo la vanishi. Kabla sijaanza nilimpigia mwalimu wangu wa zamani kwa video ili aone.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Na huo msasa ulioushika ni wa nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nisogeze simu karibu na mbao, akaangalia yale madoa yanayong'aa kama hariri ambayo mwaloni huyatoa ukipasuliwa kwa kufuata mistari itokayo katikati ya gogo kwenda nje, kisha akasema, "Hili lioshe tu. Mwenzako amelipaka mikono yake miaka yote hiyo, wewe unataka kulivua nguo?"

Basi nililiosha kwa tapentaini na stilwaya laini kabisa, nikifuata mkondo wa nyuzi za mbao, nikamalizia kwa nta. Doa jeusi la kidole gumba lililo kando ya kufuli bado lipo.

Zana zilizokuwa ndani nilizigawa mafungu mawili. Rula, kichwa cha skwea ya Starrett na vikamatio vidogo nilivizamisha usiku kucha katika Evapo-Rust, dawa ya kutu ya maji ambayo haiunguzi mikono wala haina harufu kali. Inafanya kazi kama inavyosemwa, ila ina mambo mawili ambayo ni vyema uyajue. Chuma hutoka na rangi ya kijivu iliyofifia, kwa hiyo mng'ao utautafuta mwenyewe baadaye. Na kifaa kisipozama chote, mstari utabaki pale uso wa maji ulipoishia. Rula yangu moja ina mstari huo, na haufutiki.

Maikromita hazizamishwi. Yangu ni ya Starrett, ya inchi 0 hadi 1, nayo niliifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka tone moja la mafuta mepesi. Skrubu yake ina nyuzi 40 kwa inchi, hivyo mzunguko mmoja ni inchi 0.025, na kila mstari kwenye mzingo ni inchi 0.001, yaani milimita 0.0254. Nyuso za kupimia nilizisafisha kwa kuzifunga polepole juu ya karatasi safi na kuivuta, mara tatu. Sifuri ilikuwa imeteleza mstari mmoja. Niliirekebisha kwa ufunguo mdogo wa ndoano uliokuwa katika droo ile ile.

Hapa nina malalamiko, ingawa si juu ya sanduku. Maikromita ya pili niliinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeandika kwamba inafanya kazi bila kasoro. Sifuri yake ilikuwa sahihi kabisa, na sifuri ndiyo pekee aliyoipima. Nilipoijaribu kwa vipande vya geji, yaani vipande vya chuma vyenye unene unaojulikana kwa usahihi, katikati ya mwendo wake ilikosea karibu inchi 0.001, kwa sababu skrubu ilikuwa imelika pale ilipotumika zaidi. Muuzaji alikataa kuipokea tena. Kwa hiyo ukinunua ya zamani, omba upimiwe angalau sehemu tatu za mwendo, na zisiwe zote kwenye mizunguko kamili, kwa kuwa mizunguko kamili haionyeshi kosa lililo ndani ya mzunguko mmoja.

Felti, nta, dawa na geji za kuazima vilinigharimu kama dola 90, bila kuhesabu jioni zangu. Sanduku hili naliwekea nyota nne. Nyota ya tano naizuia kwa sababu mbili: sanduku ni zito mno kubebwa na mtu mmoja likiwa limejaa, hata kama lina mkono juu unaokudanganya kwamba linabebeka, na kila Julai, joto la Ohio likija na unyevu wake, droo ya tatu kushoto hujaa na kukwama. Ningeweza kuipitisha randa kidogo, lakini ifikapo Oktoba hufunguka yenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo nimeiachia vitu nisivyovihitaji wakati wa joto.