Kununua kripto: kikomo kipi cha ugavi kinashika kweli?

Usinunue sarafu ya kripto (pesa ya kidijitali) kwa sababu tu tangazo limesema "ni chache". Uliza mambo mawili: nani ana uwezo wa kubadilisha kikomo cha ugavi, yaani idadi ya juu ya sarafu zitakazowahi kuwapo, na sarafu ngapi bado hazijaingia sokoni. Hapa tumezipanga kwa ugumu wa kuvunja kikomo chake. Bei itapanda au itashuka ni habari nyingine.

1. Bitcoin. Inaongoza kwa mbali. Kikomo cha milioni 21 kinatokana na malipo ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoshindana kuongeza bloku (mafungu ya miamala) kwenye rekodi. Mwaka 2009 kila bloku ililipa sarafu 50, na kila zikipita bloku 210,000 malipo hukatwa nusu. Tangu Aprili 2024 ni 3.125, kwa bloku 144 hivi kwa siku, zinazaliwa sarafu 450 tu. Mchimbaji akijiongezea hata satoshi moja (kipande kidogo kabisa cha bitcoin), nodi zote (kompyuta za mtandao) zinazokagua bloku hiyo huikataa, na umeme alioutumia umepotea bure.

Hata hivyo kikomo ni programu, na programu hukosea. Agosti 2010, bloku ya 74,638 iliumba bitcoin zaidi ya bilioni 184 kwa kosa la hesabu. Msimbo ulirekebishwa ndani ya saa chache, na mnyororo (mfuatano wa bloku) uliobeba bloku hiyo ukaachwa. Ndiyo maana wingi wa wakaguzi una uzito kuliko namba yenyewe. Na si lazima ununue nzima: moja ina satoshi milioni 100.

2. Litecoin. Utaratibu ni uleule: milioni 84, bloku kila dakika 2.5, nusu kila bloku 840,000. Kuwa nyingi mara nne hakuifanyi kuwa ya bei nafuu. Linganisha thamani ya sarafu zote, usilinganishe bei ya moja.

3. Monero. Haina kikomo, lakini tunaiweka juu ya nyingi zenye nacho, kwa kuwa inajulikana itaongezeka kiasi gani: 0.6 kwa kila bloku ya dakika mbili, tangu Juni 2022, ili wachimbaji wasikose malipo. Ugumu wake ni kwamba kiasi cha kila muamala kimefichwa, hivyo huwezi kujumlisha sarafu zote kwa macho. Pia masoko kadhaa makubwa yameiondoa.

4. XRP. Bilioni 100 ziliumbwa zote mwanzoni. Hakuna mpya, na ada ya muamala huchomwa, yaani hufutwa kabisa. Tazama zinakotokea: Desemba 2017 kampuni ya Ripple ilifunga bilioni 55 zisitumike, zikifunguliwa bilioni moja kwa mwezi, na zisizotumika hufungwa tena.

5. Ethereum. Haina kikomo. Tangu Agosti 2021 sehemu ya ada huchomwa, kwa hiyo ugavi hupungua mtandao ukiwa na shughuli nyingi na huongezeka ukitulia. Ina matumizi mengi, lakini kanuni zake za ugavi zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Anayetafuta uhaba asianzie hapa.

6. Tokeni mpya, yaani sarafu zinazoundwa juu ya mnyororo wa nyingine, kama Ethereum. Hapa ndipo watu huumia. Chukua anwani ya mkataba (programu inayoendesha tokeni) kwenye tovuti rasmi ya mradi, maana majina hughushiwa, kisha ifungue kwenye kikaguzi cha mnyororo wake, tovuti inayoonyesha rekodi zake. Soma *totalSupply* (jumla ya tokeni) na uondoe tarakimu za mwisho kwa idadi iliyoandikwa kwenye *decimals*, mara nyingi 18. Usipoziondoa utasoma namba ya uongo. Halafu tafuta kazi iitwayo *mint*, amri ya kuumba tokeni mpya. Kama pochi ya mtu mmoja inaweza kuiita, na msimbo haujaiwekea kiwango cha juu, hakuna kikomo hapo, hata waseme nini. Angalia pia kama msimbo unaweza kubadilishwa baadaye, kwani mkataba wa aina hiyo leo hauna *mint* na kesho unayo.

Mwisho piga hesabu ya tokeni zilizofungwa, ambazo bado hazijaingia sokoni. Bei ikiwa dola 2, na zinazozunguka ni milioni 100 kati ya bilioni 1, soko linaonyesha thamani ya dola milioni 200; lakini zote zikitoka, kuishikilia bei hiyo kunahitaji dola bilioni 2. Omba ratiba ya kufunguliwa kwake, tarehe kwa tarehe. Wasipoitoa, usinunue.